Gharama ya Kukata au Kupogolea Mti Mrefu wa Uani: Somo kwa Mlaji wa Pwani ya Lindi

Nyumba nyingi za Mtanda na mitaa mingine ya mji wa Lindi, kama zile za Kilwa Masoko, zina angalau mti mmoja mrefu uani. Ulipandwa ungali mche wa kimo cha goti, ukatoa kivuli, ukakinga upepo wa bahari, na leo umepita paa la bati. Siku moja tawi huanguka usiku, au jirani huja kulalamika, au mwenye nyumba huutazama mti ukiyumba wakati wa kusi akajiuliza kama utasimama mwaka mwingine. Hapo huitwa fundi, naye hutaja bei. Mlaji hana kipimo cha kujua kama bei hiyo ni ya haki, wala hajui nini kimo ndani yake na nini kimeachwa nje.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji huyo. Baada ya kulisoma, utaweza kuutambua mti wako na kuamua kama ukatwe au upogolewe, kuupima urefu bila kuupanda, kulinganisha bei za mafundi wawili kwa haki, na kuweka makubaliano yatakayokulinda kazi ikiharibika.

1. Ni mti gani ulio uani kwako?

Uamuzi wa gharama huanzia kwenye aina ya mti, kwa kuwa kila mti hujibu kwa namna yake unapokatwa.

Mvinje ndio unaowachanganya watu wengi. Majani yake hufanana na sindano, na wapo wanaouita mti wa Krismasi wakiudhani kuwa ni msonobari. Mvinje si wa jamii ya misonobari. Hizo zinazoonekana kama sindano ni vijitawi vyembamba vya kijani, na mti wenyewe hutoa maua. Hukua upesi sana: katika miaka ya mwanzo huweza kuongezeka mita 2 au zaidi kwa mwaka, na ukikomaa hupita mita 30. Huvumilia mchanga, chumvi na ardhi isiyo na rutuba. Kule Bamburi, Mombasa, ulipoanza mradi wa kuotesha miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji mwaka 1971, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyostahimili ardhi ile tupu. Ustahimilivu huo ndio uliowafanya watu wa pwani waupende, na ndio unaoufanya uwazidi kimo kabla hawajajiandaa.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba mvinje, kama ilivyo misonobari mingi, hauchipui vizuri kutoka kwenye mti mkavu wa zamani. Ukikatwa nusu, mara nyingi hubaki gogo lenye vijitawi vichache, au hufa polepole. Kwa hiyo fundi anayekuambia, "Tuukate katikati, utarudi mzuri zaidi," anakuuzia kazi utakayoilipia mara mbili: leo kwa kuupunguza, na kesho kwa kuuondoa ukiwa mkavu na wa hatari zaidi.

Mnazi una kichomozo kimoja tu cha kukua, nacho kiko kileleni. Ukikatwa kilele, mnazi umekufa. Hakuna kupunguza urefu wa mnazi. Kinachowezekana ni kuondoa makuti makavu, makole na nazi zinazoning'inia juu ya njia au paa. Makuti mabichi yaachwe, kwa kuwa ndiyo yanayoulisha mti.

Mwembe na mkungu huchipua vizuri na hustahimili kupogolewa, mradi isiondolewe zaidi ya takriban robo ya matawi kwa mara moja. Mwembe ukinyolewa wote hutoa machipukizi mengi dhaifu, ambayo baada ya miaka michache huwa matawi yanayokatika kwa upepo mdogo. Wakati mzuri wa kupogolea mwembe ni baada ya msimu wa maembe kwisha.

2. Je, ni lazima mti ukatwe?

Kukata ni uamuzi usioweza kurudishwa, na kwa kawaida ndio ulio ghali zaidi kwa siku moja. Kabla ya kumwita fundi, uzunguke mti wako na kuukagua kwa makini. Dalili zinazostahili kuchukuliwa kwa uzito ni hizi:

- shina lenye pango, ufa mrefu au uyoga unaoota karibu na ardhi;
- udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa mti baada ya upepo mkali;
- mti uliokuwa umesimama wima ambao sasa umeanza kuinama;
- matawi makubwa makavu juu ya paa, njia au mahali watoto wanapochezea;
- mizizi iliyofika kwenye msingi wa nyumba au shimo la choo;
- matawi yaliyokaribia nyaya za umeme.

Urefu peke yake si kasoro. Mti mrefu wenye afya, ulio mbali na nyumba, huweza kuachwa kwa miaka mingi. Lakini pwani yetu si ngeni kwa upepo mkubwa. Wazee wa Lindi wamesimulia kimbunga cha Aprili 1952, na sote tunakumbuka Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilipoikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Tukio la namna hiyo linamfundisha mlaji mambo mawili. Mti wenye kasoro haungoji hadi mwenyewe apate nafasi. Tena baada ya dhoruba mafundi huwa wachache, vifaa havifiki, na bei hupanda kwa kila anayehitaji kwa haraka. Anayeshughulikia mti wake wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ana muda wa kuuliza bei kwa watu watatu. Aliyengoja hadi gogo liko juu ya bati hulipa atakachoambiwa.

3. Mambo yanayopandisha gharama

Mlaji akielewa fundi anahesabu nini, hatashangazwa na bei, wala hatadanganywa kwa urahisi. Mambo makuu ni sita.

Kwanza ni urefu na unene wa shina. Mti wa mita 15 si kazi mara tatu ya mti wa mita 5. Ni zaidi ya hapo, kwa kuwa mtu hulazimika kufanya kazi juu.

Pili ni nafasi ya kuangushia. Mti ulio uwanjani huangushwa mzima kwa muda mfupi. Mti uliobanwa kati ya nyumba, ukuta na banda la jirani hushushwa kipande kwa kipande kwa kamba, na kazi hiyo huhitaji watu wengi na muda mrefu.

Tatu ni hali ya mti. Mti mkavu au uliooza huonekana rahisi, lakini ni hatari zaidi kuupanda. Fundi mwenye busara huutoza zaidi, au hukataa kuupanda kabisa.

Nne ni vifaa. Msumeno wa mnyororo hutumia petroli na oili, na mara nyingi mwenye msumeno huwa amekodi. Panga na shoka ni nafuu, lakini huchukua siku nyingi.

Tano ni uchafu wa kazi. Mti ukiwa umelala uani huonekana mkubwa maradufu. Kuna matawi ya kubeba na magogo ya kupasua, na guta au kirikuu huenda safari kadhaa.

Sita ni kisiki. Kukata mti na kung'oa kisiki ni kazi mbili, na migogoro mingi huzaliwa hapo.

4. Kuupima mti bila kuupanda

Asubuhi au alasiri jua likiwa kali, simika wima kijiti chenye urefu wa mita 1. Pima kivuli chake. Kisha pima kivuli cha mti kuanzia shinani hadi ncha. Gawanya kivuli cha mti kwa kivuli cha kijiti. Jibu ndilo urefu wa mti kwa mita.

Mfano: kivuli cha kijiti ni sentimita 80, yaani mita 0.8. Kivuli cha mti ni mita 12. Ukigawanya 12 kwa 0.8 unapata 15. Mti una mita 15.

Sasa pima umbali kutoka shinani hadi nyumba. Ukiwa mita 9, basi mti huo ukiangushwa mzima kuelekea nyumba utalifikia paa na kulipita. Fundi anayesema, "Nitauangusha tu, hauna neno," akuonyeshe utaangukia upande gani na kwa kamba ipi. Watu wote wasiofanya kazi wakae mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Kwa mti wetu huo ni mita 30, yaani pengine hata nje ya ua.

5. Kulinganisha bei mbili

Tarakimu zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya kufundishia hesabu tu. Zisichukuliwe kuwa bei elekezi. Tuchukue mvinje ule wa mita 15, na mafundi wawili.

Fundi wa kwanza anataka Sh 180,000. Fundi wa pili anataka Sh 300,000. Mlaji mwenye haraka humchagua wa kwanza. Lakini alipoulizwa, fundi wa kwanza alieleza kuwa bei yake ni ya kuangusha tu. Mambo mengine ni juu ya mwenye nyumba:

- petroli na oili: Sh 25,000
- kukata gogo vipande: Sh 40,000
- kubeba matawi, safari 3 za Sh 15,000: Sh 45,000
- kung'oa kisiki: Sh 60,000

Jumla ya nyongeza ni Sh 170,000. Gharama kamili ya fundi wa kwanza ni Sh 350,000, wakati fundi wa pili alikwishaweka yote ndani ya Sh 300,000. Aliyeonekana ghali ndiye nafuu kwa Sh 50,000.

Kuna jambo la pili ambalo walaji wengi hulisahau: mti wenyewe ni mali. Mvinje una mti mgumu na mzito. Hutoa kuni na makaa yenye moto mkali, na vipande vilivyonyooka hufaa kwa nguzo na boriti. Tuseme fundi wa kwanza anataka kuondoka na magogo, na fundi wa pili anakuachia, nawe ukayauza kwa Sh 70,000. Gharama yako halisi kwa fundi wa pili inashuka hadi Sh 230,000. Tofauti kati ya wawili hao sasa ni Sh 120,000. Kwa hiyo swali la "Magogo ni ya nani?" liulizwe kabla ya bei kukubaliwa.

Hesabu ya kupogolea nayo ifanywe kwa miaka, si kwa siku. Tuseme kupogolea mwembe ni Sh 80,000 kila baada ya miaka 2, na kuuondoa ni Sh 300,000. Ukipogolea leo, kisha mwaka wa 2, wa 4 na wa 6, utakuwa umelipa Sh 320,000. Kwa fedha peke yake, kuuondoa kunakuwa nafuu baada ya miaka 6. Lakini katika miaka hiyo mwembe umekupa maembe, kivuli na ubaridi wa nyumba. Mlaji aviweke hivyo pia kwenye mizani.

6. Vibali, nyaya na jirani

Mti ulio uani kwako si kila mara uko mikononi mwako peke yako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huilinda baadhi ya miti, na usafirishaji wa mazao ya misitu una vibali vyake. Halmashauri nazo zina sheria ndogo zao. Kabla ya kukata, na hasa kabla ya kusafirisha magogo au makaa, uliza katika ofisi ya mtendaji wa mtaa au kwa afisa misitu wa halmashauri. Ikiwa mti uko ufukweni, kumbuka kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inauwekea ulinzi ukanda wa mita 60 kutoka pwani ya bahari. Mivinje ya ufukweni hushika mchanga. Ikiondolewa, bahari huja karibu na nyumba.

Matawi yakigusa au kukaribia nyaya za umeme, usimruhusu fundi apande. Mti mbichi hupitisha umeme, na ngazi ya chuma huupitisha zaidi. Toa taarifa TANESCO kwanza, na kazi isianze hadi umeelezwa kuwa ni salama. Hakuna bei nafuu inayostahili roho ya mtu.

Jirani naye ajulishwe mapema. Tawi lililovuka ukuta, au mti utakaoangukia upande wake, yazungumzwe mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kabla ya siku ya kazi. Nusu saa ya mazungumzo huokoa miezi ya kutosalimiana.

7. Makubaliano na malipo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari la shule, na yawe na mambo haya:

- jina la fundi, namba yake ya simu na mtaa anaoishi;
- mti upi, na kazi ipi hasa: kupogolea, kukata, au kukata na kung'oa kisiki;
- nani analipia mafuta, usafiri na vibali;
- magogo na matawi ni ya nani;
- siku ya kuanza na siku ya kumaliza;
- bei yote na namna ya kulipa;
- nani atatengeneza paa, ukuta au mali ya jirani ikiharibika;
- sahihi za pande mbili na shahidi mmoja.

Kuhusu malipo, epuka kulipa yote kabla ya kazi. Fundi huweza kuhitaji kianzio cha mafuta au kukodi msumeno. Kianzio hicho kiwe kidogo. Sehemu ya pili ilipwe mti ukiwa chini, na ya mwisho ua ukiwa umesafishwa. Omba risiti. Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe wa muamala, kwa kuwa ni ushahidi.

Liko swali jingine ambalo watu huona haya kuliuliza: fundi akianguka, itakuwaje? Anayepanda mita 15 bila mkanda wa usalama anaweka maisha yake rehani kwa ajili ya bei ndogo, na mwenye nyumba aliyemwita hubaki na msiba uani kwake na mzozo juu ya nani agharimie matibabu. Uliza kama fundi ana mkanda, kamba nzima na kofia ngumu. Kama ni kampuni, uliza kama waajiriwa wake wamo katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Bei ya juu kidogo ya mtu mwenye vifaa mara nyingi ni bei ya usalama wake na utulivu wako.

8. Mgogoro ukitokea

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mtoa huduma kumpotosha mlaji, ikiwemo kuhusu bei na aina ya huduma. Aliyekuambia bei ni ya kazi yote, kisha akadai nyongeza mti ukiwa umelala mlangoni, amekiuka makubaliano, na pengine amekupotosha.

Anza kwa kuzungumza naye ukiwa na karatasi mkononi. Piga picha za kazi ilivyo, na uharibifu kama upo. Asiposikia, fika kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa mpatanishwe. Ikishindikana, dai la mkataba hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Malalamiko ya kupotoshwa huweza pia kupelekwa Tume ya Ushindani. Katika hatua zote hizo, mwenye maandishi husikilizwa kwa urahisi kuliko mwenye maneno matupu.

Mlaji naye ana wajibu. Asiongeze kazi katikati kwa bei ileile, asimharakishe fundi upepo ukiwa mkali, na alipe kwa wakati kazi iliyokamilika.

Maswali ya kujipima

1. Kijiti cha mita 1 kina kivuli cha mita 0.5, na mvinje wako una kivuli cha mita 9. Mti una urefu gani? Je, unaweza kuangushwa mzima kuelekea nyumba iliyo umbali wa mita 14?
2. Fundi anapendekeza kukata kilele cha mnazi ili "upungue". Utamjibu nini?
3. Bei ya Sh 150,000 haijataja kisiki, mafuta wala magogo. Ni maswali gani utakayomuuliza fundi kabla ya kukubali?

Majibu: (1) Mita 18; hauwezi, kwa kuwa utaifikia nyumba. (2) Mnazi uliokatwa kilele hufa. Aondoe makuti makavu na nazi tu. (3) Kisiki kitang'olewa? Mafuta na usafiri ni juu ya nani? Magogo ni ya nani? Na majibu yote yaandikwe.